Kiilu Akaribisha Wageni

Nthoki alikuwa amechoka kusahihisha watu. Tangu mumewe, Kiilu, agongwe kichwani akiunganisha mabehewa kwenye yadi ya reli, Kaloleni nzima ilimbandika jina: kichaa wa reli. Bombani, dukani, hata mlangoni mwa kanisa. Naye kila mara, ndoo mkononi, alirudia yale yale: huyo ni Kiilu, aliumia ubongo, anaelewa kila kitu ila maneno yanachelewa kutoka. Waliitikia kwa kichwa, kesho wakaanza upya. Watu wa mtaa bwana, uvumi hawausahau, ila jina la mtu wanalisahau.

Zamu yao ya maombi ya nyumba kwa nyumba ilipofika, Mzee Dishon wa kanisa alikuja kumwambia kwa upole kwamba wangewaruka. Desturi ni mwenye nyumba asimame, ajitaje, akaribishe wageni, na nyumba hii sasa haina wa kusimama. Upole huo ulimuuma Nthoki kuliko matusi. Ukirukwa leo, umerukwa daima. Akamjibu kwamba mwenye nyumba yupo, waje tu.

Jumapili wakajaa kwenye chumba chao kimoja, juu ya viti vya kuazima. Kiilu, shati limepigwa pasi, akasimama ameshika meza. Akafungua mdomo. Mtu akakohoa. Dishon akatazama sakafu. Aibu ikampanda Nthoki, akashindwa kuvumilia.

"Anasema karibuni. Anaitwa Kiilu, anashukuru sana kwa..."

"Nthoki."

Kiilu alikuwa akimtazama yeye, si wageni, kwa macho yaliyochoka.

"Ngoja... nimalize."

Nthoki akaketi. Muda wote huo alikuwa amegombana na mtaa mzima, kumbe kila swali aliloulizwa Kiilu, umelalaje, umekula, unaumwa wapi, yeye ndiye aliyelijibu. Akangoja pamoja na wengine, chai ikipoa.

"Mimi ni Kiilu," akasema hatimaye. "Hapa... kwangu. Karibuni."

"Tumekaribia, Baba Mulwa," Dishon akaitikia, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Jirani yao Kavutha akainua birika kumimina chai. Kama kawaida, akamgeukia Nthoki, akauliza kama mzee wake anatumia sukari.

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Nthoki akalimeza.

"Muulize yeye," akasema.