Maoni ya Jumatatu

Mimi nimeendesha gari miaka kumi na tisa na sijawahi kumgonga hata kuku. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za macho yangu husahau kila kitu kingine.

Huu ulikuwa mwaka wa 2006. Ofisini kwetu, Upper Hill, madereva tulikuwa wanne, na tulikuwa na desturi yetu. Kila wiki tulikodi diski moja ya sinema katika kibanda kimoja cha Dagoretti Corner, ikazunguka nyumba kwa nyumba hadi kila mtu aitazame. Jumatatu, saa ya chakula, tulikutana katika chumba cha madereva kila mmoja atoe maoni. Aliyekaa na diski mwisho ndiye aliyeanza. Ukisema tu kwamba ilikuwa nzuri, unachekwa mpaka Ijumaa. Ilikuwa lazima ueleze.

Wiki hiyo wa mwisho nilikuwa mimi. Na wiki hiyo ndiyo Virginia, msimamizi wetu wa usafiri, aliamua kuja kula nasi.

Virginia hakuwa na mazoea ya kula na madereva. Alhamisi nilikuwa nimekwaruza ubavu wa gari la wafanyakazi kwenye nguzo ya lango, lango ambalo nimelipita mara elfu. Nilimwambia jua lilinipiga usoni. Aliandika kitu, akaenda zake. Sasa alikuwa ameketi mbele yangu na sahani ya githeri, na nilijua hakuletwa na githeri.

Ukweli ni huu. Jicho langu la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia lilibaki na kipande cha katikati tu, nacho kina ukungu. Daktari aliniambia ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba niache gari. Nilimshukuru, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kuwasha gari. Nina watoto watatu shuleni, halafu mtu ananiambia niache gari kama anayeniambia niache sukari. Kila jioni nilibeba watu kumi na wawili kutoka ofisini hadi Kinoo, nikifuata taa nyekundu za gari la mbele na kuijua barabara kwa moyo. Hata Kavata, mke wangu, hakuwa na habari. Virginia akijua, kazi imekwisha siku hiyo hiyo.

Kilichoniokoa kwenye sinema ni DJ. Diski zetu zilikuwa za wale madijei wanaotafsiri: picha ni za Wahindi au Wachina, lakini sauti ni ya kijana wa Nairobi aliyeketi na maikrofoni akikusimulia kwa lugha yetu nani ameingia, nani amechomoa bunduki, nani anamchezea nani. Jumapili baada ya kanisa nilijitupa kwenye kochi, nikaielekezea televisheni uso, nikasikiliza. Picha zilikimbia kuliko jicho langu, nikaziacha zikimbie. Miezi minane nilitoa maoni namna hiyo. Nilimwamini huyo DJ kuliko nilivyomwamini daktari.

"Haya, Kivuva," akasema Jamleck. Jamleck alikuwa dereva wa mkurugenzi, na mdomo wake haukujua likizo. "Leo unaanza wewe. Madam anasikiza, usituangushe."

"Nimeambiwa wewe ndio mwalimu wao," Virginia akasema. "Ati unaona vitu wengine hawaoni."

Nikanywa maji, nikaanza. Nikasema yule kijana alikuwa mjinga kuondoka nyumbani bila kumuaga mama yake. Nikasema mjomba wake alikuwa nyoka tangu mwanzo, na kwamba mimi mtu anayecheka ovyo namna ile simpi hata kiti. Nikawasikia wakiitikia, "Kweli, kweli," Mutiso, dereva mwenzetu, akiwazidi wote kwa sauti. Nikapata nguvu. Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza, lakini sifa ni tamu, na mwisho wa ile sinema ulikuwa umenigusa kwa dhati.

"Lakini mimi nilipenda pale mwisho," nikasema. "Kijana amerudi, kila mtu amekata tamaa, halafu mama anafungua macho. Anamkumbatia mtoto wake. Vile uso wa huyo mama ulikuwa, jamani, nilikuwa karibu kulia."

Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Mama gani?" Jamleck akauliza.

"Mama yake. Wa kijana."

"Kivuva, huyo mama alikufa. Si walimzika? Sanduku linashushwa, kijana anamwaga mchanga, na huyo DJ mwongo anapiga kelele ati mama ameamka, mama anamkumbatia. Hiyo ndio ilinimaliza. Nilicheka hadi bibi yangu akanikasirikia. Huyo DJ hapendi muvi za kulia, akiona matanga anabadilisha stori."

Jumapili nilikuwa nimekaa pale kwangu, nimejawa na furaha kwa ajili ya mama aliyekuwa kaburini. DJ alikuwa ametudanganya sote, lakini wenzangu walikuwa na macho ya kumkatalia.

Virginia akasogeza sahani yake kando. "Kivuva," akasema polepole, "pale mwisho uliona nini? Sio kile DJ alisema. Kile uliona."

Nikafungua mdomo.

"Madam, achana na yeye," akasema Sifuna. Huyo ndiye aliyekuwa dereva wetu wa nne. Tuliajiriwa mwezi mmoja, mimi na yeye, na mke wake Awuor, aliyefanya kazi masijala, nilimbeba kila jioni hadi Kinoo. "Mimi ndio nilimtuma aseme hivyo. Tulitaka kujua nani anaangalia hadi mwisho na nani anatudanganya hapa. Mutiso, wewe umekuwa ukisema kweli, kweli. Mama alikufa ama hakufa?"

"Mimi nililala kidogo," Mutiso akasema.

Kicheko kililipuka. Jamleck alipiga meza kwa viganja. Virginia naye akacheka, kwanza kidogo, kisha kama mtu aliyetua mzigo. Alipoinuka alinigusa bega. "Kivuva, wewe ni mtu mbaya. Na vile nilikuwa nimeanza kukufikiria vingine." Akaondoka na sahani yake. Nilikuwa nimepona.

Nilitoka nje ili nipumue, nikaegemea gari. Sifuna akanifuata.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Wiki jana nilikupungia mkono hapo Dagoretti Corner. Ukanipita karibu unikanyage. Nikasema huyu siku hizi anaringa. Tangu lini?"

"Mwaka jana," nikasema.

Akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa ubavuni. "Nimedanganya huko ndani kwa sababu wewe ni ndugu yangu, na sitarudi kusema kitu. Lakini saa kumi na moja Awuor atapanda hii gari, atakaa hapo nyuma yako kama kila siku. Wewe niambie tu. Apande, ama asipande?"

Nilitaka kumkasirikia. Nilitaka kumwambia nimempeleka mke wake salama kila jioni na hajawahi hata kuniletea soda. Kisha nikafikiria Kangemi, pale watu wanapokatiza barabara mbio, na jinsi wiki iliyopita mtu alivyoipiga bodi ya gari kwa kiganja akinitukana, na mimi sikujua kama alikuwa mwanamume au mwanamke, mkubwa au mtoto. Abiria wote walisonya, wakasema watu wa siku hizi hawajui kuvuka. Nami nikasonya pamoja nao.

"Asipande," nikasema.

Sifuna akashusha pumzi. "Na wale wengine kumi na mmoja?"

Alisema kwa upole, na nilimchukia kwa ule upole. Nikawafikiria watoto wangu watatu. Nikafikiria nitamwambia nini Kavata, nianzie wapi. Kisha nikatoa ufunguo mfukoni, nikamnyooshea. Hakuuchukua.

"Mpelekee Virginia mwenyewe," akasema. "Twende. Nitakushika mkono kwa ngazi."

"Sijafika huko," nikamjibu, nikatangulia.

Nilivuka uwanja peke yangu, kichwa juu, ufunguo mkononi. Ngazi za ofisi ziko kivulini, na kutoka juani huwa sizioni kabisa. Kwa miezi mingi nilikuwa nikizipanda kwa kuzihesabu kwa miguu, nikijifanya mtu mwenye mawazo. Nilipofika ya kwanza nikasimama, nikanyoosha mkono nyuma, nikamtafuta Sifuna.