Maji Mawili kwa Siku

Kitu cha kwanza Kashindye alichokiona ni harage moja lililobunguliwa. Kaka Clement, mwongoza watalii, alikuwa ametandaza ramani sakafuni na kupanga juu yake maharage thelathini, kila moja mahali wageni wake watakapolala: kutoka hapa Iyunga, kupanda milima ya Uporoto, kuvuka Kitulo, kushika safu ya Kipengere, mpaka Tosamaganga. Mwezi mzima kwa miguu, mizigo mgongoni. Kashindye, aliyekuwa mpishi wa nyumba hiyo mwaka wa tatu sasa, aliweka chai chini, akanyoosha mkono kuliokota lile bovu.

"Hayo hayaendi jikoni, Kashi," Matilda akamtania, na Clement akacheka.

Matilda, mdogo wake Clement, ndiye aliyetajwa kuwa mpishi wa safari. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne, angeweza kuandika orodha ya vyakula. Kashindye aliishia darasa la tano. Hakuna aliyemuuliza kama angependa kwenda.

Alitazama mstari wa maharage, akaiona njia. Akamwona marehemu baba yake, Nkuba, fimbo mabegani, wakiswaga pamoja ng'ombe kutoka mbuga za Usangu kufuata majani ya milimani, ukungu ukiwalowesha kope. Baba hakujua kilomita. Asubuhi alisema tu, "Leo maji mawili," na Kashindye akajua watavuka vijito viwili kabla ya kulala. Jioni walichemsha maziwa, na ng'ombe wakapumua nyuma ya migongo yao kama watu wa nyumbani.

Kidole chake kikalisogeza harage la kumi na moja.

"Unafanya nini, dada?" Clement aliuliza.

"Kijito cha hapo hukauka mwezi wa tisa." Sauti ilimtoka ndogo. "Mlale huku chini, penye mianzi. Maji ya huku hayakatiki."

Clement akainamia ramani. Kisha akamwonyesha la kumi na mbili, na la kumi na tatu, na kila moja likapata maji yake au likahama. Matilda akajitetea kwamba hata yeye angeuliza wenyeji njiani. Kaka yake akamjibu kwamba mwenyeji ndiye huyu, amewaletea chai. Halafu akamgeukia Kashindye kwa ile huruma ambayo Kashindye alizoea kuipata kwa kila mtu.

"Kumbe ulizunguka kote huko ungali mtoto. Mzee wako alikuonea, kukutoa shule ukachunge."

Mama yake alikufa akiamini hivyo. Mwalimu aliamini hivyo. Baba mwenyewe aliibeba lawama hiyo hadi kaburini bila kumsuta, na Kashindye siku zote aliinama tu, akawaachia waamini. Safari hii aliinua macho.

"Baba hakunitoa shule," alisema. "Alinirudisha mara mbili. Nilitoroka nikamfuata, kwa sababu nilipenda kutembea naye. Na nataka kwenda tena, kaka. Nataka kwenda mimi."