Mchuzi wa Kamba wa Siku ya Posa

Asubuhi ya posa ya binti yangu nilifungua friza nikarudi nyuma nimeziba pua. Maji ya rangi ya waridi yalikuwa yakidondoka sakafuni, yanavutika kama makamasi, na inzi walishanitangulia. Kamba niliowaweka kwa ajili ya wageni walikuwa wamelegea, vichwa vimekuwa vyeusi, wananuka mkojo wa paka. Umeme ulikatika jana yake magharibi ukarudi jua limeshachomoza. Watu wa shirika la umeme walikuwa wametuambia utakatika kwa muda wa saa mbili tu.

Nikisimama uani nakiona kituo cha nyuklia, kuba lake limekaa pale ufukweni kama kipara. Usiku ule taa zake ziliwaka zote, na za mtaa wa wafanyakazi wake pia, ambako viyoyozi havizimwi kiangazi kizima. Sisi wa kijijini tulilala juu ya mapaa, tumelowa jasho, tunazitazama. Nilitamani binti yangu Nastaran aolewe mtaa ule. Niliitaka ile baridi kwa ajili ya mwanangu kuliko nilivyoitaka mahari.

Mume wangu, Khodarahm, alikuwa amejigamba kwenye simu kwamba atawalisha wageni kamba wa kusini mpaka wasahau kwao Tehran. Nilimwambia tuwatupe hao kamba. Buchani nako nyama ilikuwa imeharibika kwa kukatika kulekule kwa umeme, kwa hiyo nikasema tuwape wageni mkate, jibini na tende, tuombe radhi. Alikasirika mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Zidisha ukwaju," akasema. "Zidisha kitunguu saumu na uwatu. Watu wa Tehran wanajua nini kuhusu kamba?"

Nastaran alionja kijiko kimoja akatema kwenye sinki, akanitazama. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, hatoki. Tukapakua.

Wageni walikuwa Mhandisi Kamyar na mama yake, Bi Farangis. Kamyar ni kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Nastaran anafundisha shule ya msingi, na walijuana siku alipowapeleka wanafunzi wake kutembelea kituo. Tangu hapo binti yangu alikuwa akifua huku anaimba. Kazi ya Kamyar kule ni usalama. Akiona kitu hakiko sawa kwenye mitambo, yeye ndiye wa kusema.

Tulikaa sakafuni kuzunguka kitambaa cha chakula. Khodarahm akamuuliza kwa nini watu walio jirani na kituo wakae gizani. Kamyar akaeleza kwa adabu kwamba joto la nyuklia linachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, umeme unaingia kwenye gridi ya taifa na kuchanganyika na wa gesi na wa mabwawa, kisha unagawiwa nchi nzima. Kituo hakizimwi ovyo, kinazalisha usiku na mchana, lakini siku za joto kali umeme hautoshi hata hivyo, basi kila sehemu hukatiwa kwa zamu.

"Zamu yetu tunaiona," Khodarahm alisema. "Ya Tehran inakuwaga lini, mhandisi?"

Kamyar akacheka, akajaza mdomo.

Niliwatazama wakila. Bi Farangis alimeza kijiko kimoja, machozi yakamlengalenga. "Mikono yako isiumwe, dada," akanishukuru, huku anawafukia kamba waliobaki chini ya wali. Kamyar alimaliza sahani nzima. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, akasifu, akaongezwa, akala tena. Khodarahm naye alitafuna huku amenikazia macho. Mimi nilimega mkate mkavu. Kinyaa kilikuwa kimenishika, wala si cha kamba peke yao.

Kama ilivyo desturi, tuliwaruhusu wachumba watoke uani wakazungumze. Nilijifanya nafuata chai jikoni. Dirisha lilikuwa wazi, na mimi ni mama.

Nastaran alimuuliza moja kwa moja kama alihisi chochote kwenye chakula.

"Nilijua tangu kijiko cha kwanza," Kamyar akasema. "Wameoza. Lakini ningesemaje mbele ya baba yako? Ningemvunjia heshima."

"Na kule kazini, mbele ya mkubwa wako, unasemaje?"

"Kule kuna kengele ya hatari, Nastaran. Hainisubiri mimi."

"Na ikilia wakati mkubwa ana wageni?"

Nilimwombea kimoyomoyo apate jibu, maana nilijua binti yangu anampenda. Alichosema ni kwamba mambo ya kazini si rahisi hivyo.

Nastaran alirudi ndani akasimama mbele ya sufuria. "Bi Farangis, tusamehe. Kamba wameoza, friza ilizimika usiku. Tafadhali msile tena."

Khodarahm aliiva uso kwa aibu. Nilidhani mgeni ataweka kijiko chini amshukuru Mungu. Badala yake alitabasamu, akanyoosha sahani yake.

"Usijidhalilishe bure, mwanangu. Chakula ni kitamu mno, niongezee. Kamyar, hebu mwambie mwenzio."

Sote tukamgeukia. Alikuwa amemfuata Nastaran kutoka uani, amesimama mlangoni. Nastaran hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho, alimsubiri tu. Kamyar akamtazama mama yake, akamtazama Khodarahm, kisha akakaa, akachukua kijiko. Nilimsikia akitafuna.

"Kitamu sana," akasema.

"Basi jibu langu ni hapana," Nastaran alimwambia. "Nitabaki hapahapa kijijini, jirani na kituo chenu, na kila nikilala nitakuwa najiuliza leo umemeza nini."

Nilikwenda jikoni nikainama kwenye sinki, nikatapika, nami sikuwa nimeonja hata kamba mmoja.