Mtunza Stoo wa Kubuni

Jumanne, kipindi cha tatu, mwalimu wa fasihi alikuwa akiandika ubaoni vitu ambavyo hadithi fupi haiwezi kuvikosa: wahusika, mandhari, msuko, mgogoro na dhamira. Alipofika kwenye mgogoro mlango ukafunguliwa, akaingia mtunza stoo ambaye Kiroja alikuwa amembuni wiki iliyopita kwenye daftari lake la insha.

Alivaa kofia pana, alikuwa na kovu shavuni na funguo nyingi kiunoni. Hakuwa na viatu, kwa kuwa Kiroja hakuviandika.

"Umechelewa," mwalimu akamwambia. "Kaa nyuma."

Akaenda kukaa nyuma.

Kiroja alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na jina hilo alipewa bwenini kwa sababu zisizofaa kutajwa mbele ya wazazi. Shule yao ilikuwa na desturi ya kusoma insha bora ya wiki kwenye paredi ya Jumatatu. Safari hii ilisomwa ya Kiroja, iliyohusu mtunza stoo anayeiba sabuni za wanafunzi na kuzificha ndani ya kofia. Walimu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mwalimu mkuu hakucheka. Alikwenda stoo, akakuta katoni mbili za sabuni hazipo, na kabla ya saa sita mchana mtunza stoo halisi, mwenye miaka kumi na tisa kazini, alikuwa ameshikishwa barua. Ijumaa aondoke.

Sabuni ile ilikuwa imechukuliwa na Kiroja na wenzake wawili, Jumamosi wakati wa michezo. Waliipaka kwenye sakafu ya korido ya bweni, wakamwaga maji, wakateleza kutoka mlango hadi mlango. Ilikuwa starehe ya hali ya juu. Kisha akaandika insha, maana hadithi inahitaji mkosaji, na yeye mwenyewe hakujisikia kuwa mhusika.

Shule haikuwa na vifaa vingi vya kufundishia, hivyo mwalimu alimwita yule mgeni mbele.

"Mtazameni. Sura anayo. Lakini, bwana, kwa nini unaiba?"

Mhusika akafikiri. "Sijui, mwalimu. Sikuambiwa."

"Mama unaye?"

"Bado sijapewa."

Darasa likaguna kwa huruma.

"We Kiroja, mchoyo wewe!" jirani yake wa dawati akanong'ona. "Hata mama, jamani?"

Jioni, Kiroja akafungua daftari akampa mhusika wake viatu. Akampa pia mama mcheshi, utoto wa kando ya reli, na woga wa radi. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa hatua arobaini kutoka darasani. Kila alipoinuka kwenda huko kusema ukweli, aliketi tena, akaongeza aya nyingine. Kufikia Alhamisi mhusika alikuwa mtu kamili. Alipiga chafya, aliwakumbuka marehemu wake, alicheka utani kwa kuchelewa. Kuiba aliacha, kwani hakuona tena sababu. Mwalimu mkuu alimkuta akifagia uwanja bila kuagizwa, akamwajiri palepale. Alimpenda zaidi aliposikia kwamba hahitaji nyumba ya wafanyakazi. Alikuwa analala daftarini.

Ijumaa ikawa siku ya makabidhiano. Mtunza stoo halisi alimtembeza mwenzake kwa upole.

"Rafu ya tatu inayumba, usiilemee. Panya ni mmoja tu, ila ana kiburi."

"Nimekuelewa, kaka."

"Wanasema wewe ndiye mimi." Aliitazama ile kofia. "Mbona mimi sijawahi kuvaa kofia?"

"Uniwie radhi, kaka. Nilizaliwa nayo."

Kiroja alikuwa amesimama mlangoni. Mhusika akageuka kumtazama. Yeye alitoka kichwani mwa Kiroja, na kila kilichokuwamo humo alikijua, pamoja na ile korido. Alimsubiri.

"Unataka nini, mwanangu?" mtunza stoo halisi akauliza.

Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni kama uji wa moto.

"Chaki, mzee."

Akapewa boksi zima.

Getini, mlinzi alifuata sheria. Alimwaga begi la mzee chini na kukagua kila kitu: mashati manne, redio, picha ya harusi, chanuo. Sabuni haikuwemo hata kipande. Kiroja, aliyekuwa amemfuata bila kujua kwa nini, akapiga magoti, akakunja mashati moja baada ya jingine, akayapanga vizuri, akambebea begi mpaka nje.

"Ahsante, mwanangu," mzee akasema. "Wewe umelelewa."

"Karibu tena, mzee," Kiroja akajibu.

Mlinzi akafunga geti.