Mtoto Yuko Njiani

Dereva alikuwa anaanika soksi kwenye kioo cha pembeni cha lori lake la vitunguu simu ilipoita. Lori lilikuwa kwenye foleni ya daraja la mpakani, lile la njia moja, ambalo kila gari likipita mbao zinang'oka na mafundi wanaanza upya. Ng'ambo ya mto, nchi ya pili, aliiona nyumba yake na mkewe mlangoni, mkono mmoja umeshika simu, mwingine tumbo.

"Uko wapi?"

"Si unaniona? Niko njiani, mke wangu."

Kuvuka kwa miguu hakuweza. Nyuma yake kulikuwa na dereva wa lori la samaki aliyekuwa akimwomba Mungu jamaa ashuke tu, ampite. Ukipitwa unarudi mkiani, na mkia wa foleni ulishafika shambani vitunguu vilikotoka.

Mimba ikatimiza miezi yake, ikapitiliza, ikaingia mwaka wa pili. Mama yake mke akamwita mkunga. Mkunga akalaza sikio tumboni, akasikia honi.

"Mtoto yuko njiani," alisema. "Ila foleni haijasogea."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," mama yake mke akafyonya. "Kamfuata baba yake."

Ndivyo ilivyo, jamani. Hata sokoni hapo karibu na nyumba ya mke, vitunguu vilivyouzwa vilitoka shamba lile lile, ila vilipelekwa bandarini, vikapanda meli hadi majuu, vikabandikwa vibandiko, vikarudi kwa meli nyingine. Vilifika vibichi. Vya dereva vilikuwa vimeota majani yakatoboa turubai.

Asubuhi moja mkunga akasikiliza tena, akakunja uso.

"Honi zimekoma. Nasikia mawimbi."

"Mawimbi ya nini tena?"

"Mwanao kachoka kusubiri, mama. Kageuza, kapitia bandarini."

Mke akatapika kichefuchefu cha baharini hadi uchungu ulipomshika. Akazaliwa binti mnono, mchovu wa safari, na kibandiko cha bluu kisiginoni ambacho hakuna aliyeweza kukisoma. Mkunga akakibandua kwa mafuta ya kupikia. Mtoto akalia.

Sauti ikavuka mto bila kusimamishwa na mtu. Dereva akapanda juu ya turubai, katikati ya majani ya vitunguu, akalia kwa furaha, kisha akalia tu.

"Hongera, baba!" dereva wa samaki akampigia kelele. "Sasa si ushuke ukamwone?"

Akateremsha mguu mmoja. Nyuma yake lori la samaki likawashwa. Akaurudisha mguu.

Mtoto akakaa, akatambaa, akasimama. Siku hiyo mafundi walikuwa wanabadilisha ubao. Jirani akapita mlangoni, akamtania kama watu wanavyowatania watoto: "Haya, mrembo, baba yuko wapi?"

Binti akanyoosha kidole mtoni, akatamka maneno yake ya kwanza.

"Yuko njiani."