Mashine ya Nusu Bei

"Usiibonyeze hivyo, mama. Hiyo siyo mashine ya kusaga."

Muuzaji alisema hayo bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alivaa viatu vyenye ncha kama mdomo wa korongo, na shati lililobana kifua ambacho hakikuwepo. Mama Taipu alimtazama mara moja tu, akampima, akamkuta mwepesi, akaendelea kubonyeza.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mwisho kabisa wa meza, chini ya kibandiko chekundu: PUNGUZO, NUSU BEI. Ilikuwa nyeusi, nene, nzito, ya aina ambayo makampuni huwapa mameneja wao, halafu zikishachoka huuzwa kwa jumla na kusafirishwa nchi za mbali. Nyingine zote dukani zilikuwa nyembamba na za kung'aa. Hii ilikaa katikati yao kama mlinzi wa geti aliyekaribishwa harusini kwa makosa.

Mama Taipu alikuwa mpiga chapa kwa miaka thelathini na nne, ishirini ya mwisho katika kichumba kinachotazamana na baraza la ardhi, ambako watu wanaogombania mipaka huja na malalamiko yaliyoandikwa kwa mkono. Jumatatu mashine yake ya zamani ilitoa harufu ya mpira unaoungua, ikazimika. Fundi aliifungua, akachungulia, akaifunga tena na kumrudishia. Jumanne karani wa baraza alisimama mlangoni amekumbatia bahasha mbili nene: ushahidi wa mtaa mzima katika kesi moja, kurasa mia nne za miandiko ya kila aina.

"Mama Taipu, mimi nakutaka wewe," alisema karani. "Lakini Ijumaa nikikuta meza tupu, nampelekea yule wa ghorofani."

Yule wa ghorofani alipiga chapa kwa vidole viwili. Vidole viwili, na ulimi nje! Mama Taipu asingempa huyo hata orodha ya sabuni aichape.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kwenye mkoba wake zilikuwamo fedha alizoweka kwa ajili ya mabati, maana paa la chumba chake lilivuja juu ya kitanda, na msimu uliopita alilala miguu yake ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Dada, achana na hilo jiwe," alisema mdogo wake wa mwisho, aliyeandamana naye. Watu walimwita Injinia, jina alilojibatiza mwenyewe baada ya kozi ya wiki sita ya kutengeneza simu, aliyoikimbia wiki ya nne. "Njoo uone hii hapa. Vitufe vyake vinawaka taa. Rangi saba!"

"Nitachapa ushahidi au nitafungua ukumbi wa dansi?"

Muuzaji alicheka, lakini alicheka na Injinia. Tangu walipoingia alikuwa anaongea na Injinia tu, kana kwamba mwanamke mwenye miwani ya kamba na mtandio uliopauka alikuwa mzigo ambao kijana huyo amekuja nao. Kisha akamgeukia mwenzake wa kaunta, akateremsha sauti, ila si vya kutosha.

"Huyu hanunui. Amekuja kupigwa na kiyoyozi."

Mama Taipu alisikia. Miaka thelathini na nne ya kusikiliza watu wakisema huku vidole vyake vikiandika ilikuwa imemfundisha kutopoteza neno. Hakugeuka. Aliinua kompyuta, akaifunga na kuifungua, akasikiliza bawaba. Zilikuwa imara. Akaweka kiganja chini yake: vuguvugu, si moto. Akachomoa waya wa chaji na kutazama betri ikishuka. Saa moja na nusu, labda mbili, akakadiria. Mbovu kwa mtu wa kuzurura nayo, lakini yeye alifanya kazi hatua moja kutoka kwenye soketi. Kioo hakikuwa na ufa. Kisha akatazama vitufe, na hapo ndipo alipoielewa nusu bei.

Penye A pamekaa Q. Penye Z pamekaa W. Na M ilikuwa imehama nyumba, imekwenda kujibanza pembeni mwa L. Mashine hii ilitoka nchi ambako herufi hupangwa kwa namna nyingine.

"Hukusema kuhusu hili," alimwambia muuzaji.

"Hukuuliza." Sasa aliinua macho, na alikuwa anatabasamu. "Ndiyo maana nikakwambia, mama, hiyo ni ya kibiashara, ina watu wake. Wewe utaiandikia barua hiyo? Utaitafuta A mpaka jua lizame."

"Nilikwambia!" Injinia akadakia. "Mitumba hiyo, dada. Ukiandika 'mama' inatoka vitu vya ajabu. Hii kitu hairekebishiki, mimi najua."

"Unajua nini wewe?" Alimgeukia mzimamzima. "Umewahi kumaliza kitu gani ulichoanza, hata kimoja, tangu uzaliwe?"

Mkono wa Injinia ukaondoka taratibu kwenye ile kompyuta ya rangi saba. Ndipo Mama Taipu alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakining'inia pale hewani, na sauti yake ilikuwa ile ile ya mwenye viatu vya korongo. Ilimkera kuona inamtoka kirahisi namna ile. Lakini hakuwa na muda wa kuomba radhi mbele ya mtu kama huyo.

Akavuta kiti ambacho hakuna aliyempa, akaketi. Akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akateremsha orodha, akachagua kibodi ya kawaida. Mibonyezo minne.

"Mama, unaharibu!"

Akafungua ukurasa mtupu, akavua mtandio mabegani, akautandaza juu ya kibodi na juu ya mikono yake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa: mwalimu wao wa uchapaji aliwafunika mikono kwa vitambaa vya jikoni, na aliyechungulia alianza upya. Herufi zilizochorwa kwenye vitufe hakuwahi kuzihitaji. Zilikuwa za watu wa kuchungulia.

Chini ya kitambaa vidole vikaanza kwenda. Kitufe kimoja cha ziada, kando ya kidole kidogo cha kushoto, kilimtega mara mbili. Mara ya tatu kidole kilikiruka. Vitufe vilizama na kurudi kwa upole ambao hakuwahi kuupata kwenye mashine yoyote aliyoimiliki, na kwa dakika nzima alisahau alipo. Yule muuzaji wa pili alisogea kutoka kaunta. Mteja mmoja naye akasogea. Kwenye kioo maneno yalikuwa yamejipanga, na koma zake:

*Huyu hanunui. Amekuja kupigwa na kiyoyozi. Maneno haya yalisemwa na muuzaji wa duka hili, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, leo Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na akili timamu.*

Mteja aliangua kicheko. Muuzaji alisoma, akasoma tena, rangi ikimbadilika shingoni.

"Hapo kwenye akili timamu," alisema Mama Taipu, akiutoa mtandio, "nimekupendelea."

Mwenye duka alitoka chumba cha nyuma kuona kinachochekesha. Alikuwa mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni, na hakupoteza maneno. Mama Taipu naye hakupoteza.

"Nusu ya bei gani?" aliuliza. "Vumbi la kwenye matundu ya hii si la mwezi mmoja. Bei nzima hakuna aliyewahi kuitoa, kwa hiyo hakuna nusu. Betri imezeeka, herufi za ugenini. Ukiniachia niende, utabaki nayo kuzuilia mlango."

Mwenye duka alimtazama muuzaji wake, akatazama kompyuta, akasonya, haikujulikana anamsonya nani. Waliafikiana kwa bei iliyombakizia Mama Taipu fedha za mabati matatu. Paa lilihitaji tisa.

Njiani Injinia aliibeba mashine kifuani, akimtangulia dada yake hatua kadhaa. Kabla ya kuiweka mezani kichumbani, aliufuta uso wa meza kwa mkono wa shati.

"Kaa unywe maji," Mama Taipu alimwambia.

"Nina kazi," alisema Injinia, ambaye hakuwa na kazi, akaondoka.

Asubuhi ya Ijumaa karani alikuja, akaikuta meza haiko tupu. Akaziweka bahasha, akabaki amesimama aone kama ni kweli. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mjane mmoja, mwandiko wa penseli unaopanda mlima: mimi ni mkazi wa hapa tangu nilipoolewa, kisima alichimba mume wangu. Mama Taipu akaanza. Na mashine, ambayo haikuwahi kukutana na lugha hii maishani mwake, ikaanza kuchora mstari mwekundu chini ya kila neno.

Karani aliinama juu ya bega lake. "Mbona inasema umekosea yote?"

"Haijui kusoma."

Alijua pa kuuzima mstari huo. Hakuuzima. Mstari mwekundu ukamfuata mjane nyuma ya nyumba, ukakipigia mstari kisima, ukampigia mstari mumewe aliyekichimba na majirani wanne walioshika kamba, ukashuka naye mpaka siku uzio uliposogezwa. Mwisho wa ukurasa Mama Taipu aliigeuza karatasi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukusimama.