Damu ya Saa Mbili Asubuhi

Karatasi ilisema damu itolewe saa mbili asubuhi kabla ya kula chochote, na mwokaji hakuwa mtu wa kubishana na karatasi. Saa mbili kasoro dakika tano alikuwa ameshaketi kwenye benchi la maabara, unga umemganda kwenye nyusi, tumbo linanguruma. Miaka tisa ya kuchoma mikate ya watu wengine ilikuwa imemfundisha kutii saa.

Jibu la kwanza, wiki mbili nyuma, lilimkata maini. Homoni ya kiume: saba. Pembeni pameandikwa kwamba kawaida huanzia kumi na mbili. Daktari alimweleza taratibu kwamba kipimo kimoja si hukumu, kirudiwe asubuhi nyingine, kwa sababu homoni hiyo hupanda mtu akiwa usingizini na kushuka kadiri siku inavyosonga. Mwokaji aliitikia kwa kichwa, lakini alichosikia ni saba tu. Hamu ya unyumba ilikuwa imemtoka siku nyingi. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameacha kabisa kuulizia mtoto wa pili, na huko kuacha kuuliza ndiko kulikomuuma.

Kazini aliyamwaga yote, maana mdomo wake haukujaliwa kufuli. Mwenzake wa kukanda unga, kifua mbele kama mlango wa stoo, akamletea kichupa cha homoni.

"Sindano moja kwa wiki, kaka. Shemeji mwenyewe atakuja kunishukuru."

Kichupa kilikuwa kabatini kazini, kimefichwa ndani ya soksi. Jibu la pili likiwa baya, Ijumaa anachomwa. Walishakubaliana.

Mpimaji, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani, alimfunga mpira mkononi na kupapasa mshipa.

"Umeamka saa ngapi, baba?"

"Sijaamka."

Sindano ikasimama hewani. "Hujaamka vipi, na hapo umekaa?"

"Sijalala bado, mama. Ndiyo natoka kazini. Nachoma mikate usiku."

"Na ile mara ya kwanza?"

"Vilevile. Si karatasi inasema saa mbili?"

Mama akaufungua mpira. Hakucheka, ingawa midomo ilimcheza. "Saa mbili ni kwa waliolala, baba. Kwako wewe hii ni jioni. Nikipima sasa nitapima uchovu wako. Huna likizo?"

"Ya miaka mitatu."

"Ichukue. Lala usiku wiki nzima, kisha uje ukiwa umetoka kitandani."

Mwokaji, kwa mdomo wake uleule, akamweleza habari za kichupa. Mama akavaa miwani ili amwone vizuri.

"Bado unatafuta mtoto?"

"Ndiyo."

"Basi usiiguse. Mwili ukipata homoni ya kuletewa, ubongo unaacha kuamrisha yake, na mbegu zinakauka. Nimewapima wanaume wenye namba ya kujivunia na mbegu hata moja hawana."

Mwokaji aliogopa. Mpaka asubuhi hiyo alikuwa akiingoja Ijumaa na sindano yake kwa hamu.

Likizo ilianza vibaya. Yeye na mkewe walikuwa wakikitumia kitanda kwa zamu: mwalimu hutoka saa kumi na mbili na nusu, mwokaji huingia saa mbili na kukuta shuka zimeshapoa. Sasa mwalimu alilala kimshazari kama alivyozoea, akang'ang'ania upande wa ukutani, na kumpiga mumewe viwiko kwelikweli. Siku ya nne waliamka pamoja kabla ya saa kulia, wakapiga soga mpaka mwalimu nusura achelewe darasani.

Wiki ilipoisha alitoka kitandani moja kwa moja hadi maabara, na jibu likatoka: kumi na sita.

"Homoni zako hazina kasoro," daktari alisema. "Kinachokumaliza ni zamu."

Kabla ya kurudi nyumbani mwokaji alipitia kazini. Alimrudishia mwenzake kichupa, soksi akabaki nayo, kisha akaenda kwa msimamizi kuomba zamu ya mchana. Nafasi ilikuwa moja, ya kuuza mikate dirishani na kofia ya karatasi kichwani. Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu, fundi wa tanuri kugeuka muuzaji. Hata yeye ilimuuma.

Nyumbani, mwalimu aliisoma karatasi ya majibu akiwa amesimama, kwa jicho lilelile la kusahihishia madaftari. Kisha akaketi.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani hunitaki tena."

"Na mimi nilidhani siwezi tena."

Akalia, bila kujificha, na mwokaji hakujua mikono aiweke wapi.

"Jumatatu unarudi usiku?" mwalimu akauliza, akijifuta kwa kanga.

"Naanza dirishani. Mchana. Na kofia ya karatasi juu."

Mwalimu alimtazama, akaiona kofia ile kichwani kwa mumewe kabla haijavaliwa, akacheka na machozi yake.

"Haya," alisema. "Upande wa ukutani nakuachia."